Pafyumu Waliyoniambia Ni ya Kiume

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, mchumba wangu kanizawadia pafyumu ya jinsia zote. Naipenda sana, lakini naona haya kwenda nayo kazini. Wanaume wenzangu watanionaje? Na kwani wanaotumia hizi pafyumu ni watu wa namna gani?"

Ujumbe huo nimeusoma mara tatu. Mara ya tatu nikajikuta nanusa kifundo cha mkono wangu, maana swali hilo lilinitafuna miaka minne.

Nilikuwa na miaka 26, ndiyo kwanza nimepata kazi niliyoihangaikia. Mshahara wa kwanza nikasema lazima ninunue pafyumu yangu mwenyewe, si ya kuazima kwa dada. Nilizunguka na vile vijikaratasi vya kunusia mpaka pua ikachoka. Kila chupa niliyoambiwa ni ya kike ilinijia na maua na vanila, utamu mtupu. Kwenye rafu ya pembeni kulikuwa na chupa nyeupe, haina ua wala utepe. Nikajipulizia mkononi. Kwanza likaja limau, kali, kama ganda limeminywa mbele ya pua. Nikaondoka, nikatembea. Baada ya nusu saa hivi limau limekwenda zake, na chini yake umebaki msandali mkavu na miski kidogo, harufu ya kabati la zamani lenye nguo safi. Nikasimama pale pale njiani, mkono puani. Nikarudi kuinunua.

Wiki ya pili kazini niliingia nayo kikaoni. Mkuu wangu akainua kichwa, akavuta hewa, akasema, "Humu kuna harufu ya mwanaume mgeni." Watu wakacheka. Kisha akanigeukia: "Binti, mambo ya kaka zako waachie kaka zako." Na mimi nikacheka nao. Kikao kilipoisha nikaenda msalani, nikasugua mikono kwa sabuni mpaka ngozi ikawaka. Wakati ule sikujua kwamba harufu za jamii ya limau ni nyepesi na ndizo zinazoruka kwanza, ilhali za miti na miski ni nzito, zinang'ang'ania ngozi. Limau lilikuwa limeshaondoka lenyewe. Kilichobaki baada ya sabuni ni kile kile alichokiita cha kiume, nikashinda nacho mpaka jioni.

Yule bwana hajawahi kuniomba radhi. Ni zamani sasa, lakini sauti yake naikumbuka, na siwezi kuwaambia kwamba nimemsamehe.

Chupa nikampa kaka yangu. Nikanunua ya maua, ile inayosifiwa na kila mtu, na kweli nikasifiwa. Miaka minne hiyo sina mengi ya kusimulia. Nilinukia vizuri na nilinyamaza sana.

Siku nahama nyumba nikafungua sanduku la nguo, nikakuta mtandio wangu wa kijani niliokuwa nikiuvaa siku zile. Nikauinua usoni. Kwenye pindo, pale panapogusa shingo, msandali ulikuwepo bado, hafifu. Nikakaa sakafuni. Habari ya harufu inafika kwenye sehemu za ubongo zenye hisia na kumbukumbu kwa njia fupi kuliko habari ya macho au masikio, kwa hiyo sikupata hata muda wa kujizuia. Nilimwona yule binti amesimama njiani na mkono puani, hajamuuliza mtu. Nikalia. Wiki ile ile nikanunua chupa mpya, na sijawahi kukaa bila nayo tena.

Tangu hapo nimesoma sana juu ya manukato, na kadiri ninavyosoma ndivyo hasira inavyonipanda, kwa sababu niligundua kwamba nilidhalilishwa kwa jambo lisilo na mizizi. Nyumba ya manukato ya Farina, iliyoanzishwa Köln, Ujerumani, mwaka 1709, ndiyo iliyoyapa jina yale maji ya "kolon", na maji hayo walijipaka wanawake na wanaume. Napoleon mwenyewe alisifika kwa kuyatumia kwa wingi. Mwaka 1889 Guerlain, watengenezaji manukato wa Ufaransa, wakatoa pafyumu ya Jicky, lavenda juu, vanila chini, ikatumiwa na jinsia zote. CK One, pafyumu ya Calvin Klein ya mwaka 1994, kazi ya Alberto Morillas na Harry Fremont, ndiyo iliyowafanya vijana wengi wagawane chupa moja bila kuona ajabu, lakini wazo lenyewe lilikuwa la zamani sana. Kike na kiume viko kwenye lebo na kwenye tangazo. Msandali haujui umempakaa nani.

Sasa tabia. Nawaambia ninachoamini baada ya kuwachunguza watu wangu wa karibu. Wengi ninaowajua wanaodumu na pafyumu za namna hii si wapiga kelele. Hawapendi kuingia mahali wakatangazwa na harufu yao kabla hawajafika. Wanajua wanachokitaka, na ukiwakosoa wanakusikiliza, kisha wanaendelea. Lakini msinielewe vibaya: chupa haikupi tabia hiyo. Nami niliipenda ile ya kwanza kwa dhati, bado nikaisalimisha kwa sentensi moja ya mkubwa. Ujasiri ulikuja baadaye, na uliniuma.

Halafu kuna kaka yangu. Ile chupa niliyompa aliimaliza, akanunua nyingine, akanunua tena. Siku moja tulijipulizia pamoja, chupa moja, dakika ile ile. Baada ya saa moja tukanusana mikono. Kwake mti ulikuwa mkali, una moshi kidogo. Kwangu miski ndiyo iliyotangulia, laini, karibu tamu. Mafuta ya ngozi hayafanani, joto la mwili halifanani. Ngozi kavu inapoteza harufu mapema, yenye mafuta inaishika. Ndiyo maana mtu akiniuliza "hiyo inamfaa nani?" namjibu, mpe ngozi yako muda ikujibu.

Kwa hiyo jaribu kwenye ngozi. Usiamue kwa kijikaratasi, na usiamue kwa dakika tano za kwanza, hizo ni za limau. Jipulizie, ondoka, rudi baada ya saa mbili tatu. Usimuulize rafiki, atakwambia harufu anayoipenda yeye. Jaribu kwenye ngozi yako, siku ya kawaida, ukiwa na shughuli zako. Kama ngozi yako ni kavu, tangulia na mafuta yasiyo na harufu. Na ukiona huisikii tena, usiongeze, pua imeshaizoea tu. Walio jirani nawe bado wanaisikia vizuri. Jaribu kwenye ngozi, wapendwa, jamani. Tunaishi maisha ya watu kwa kuogopa kicheko cha kikaoni! Kicheko chenyewe hakimalizi dakika moja, mimi nikakilipa kwa miaka minne.

Wewe uliyeniandikia, kesho asubuhi ukishaoga jipulizie mara mbili, kifuani na nyuma ya shingo, kisha vaa shati uende kazini. Wakikuuliza, waambie jina la pafyumu na nani kakupa. Jioni, kabla hujabadili nguo, mwambie mchumba wako anuse kola, kisha niandikie alichosema.