Vifuniko vya Ndani vya Cessna 172: Nyenzo Ipi Inafaa?

SWALI: Ninayo ndege ndogo aina ya Cessna 172 ya mwaka 1974, nami huiegesha katika uwanja mdogo wa ndege wa Kajjansi. Vifuniko vya plastiki vya milango na nguzo vimekauka na kupasuka. Mafundi wa Kampala wanaoshona viti vya magari wamenishauri niweke plaiwudi ya milimita 3, sponji na ngozi juu yake. Je, ni salama? (Mmiliki wa ndege, Wakiso)

JIBU: Ndugu msomaji, mafundi hao wana mikono mizuri, ila wamezoea gari, ambalo likianza kutoa moshi dereva husimama kando ya barabara akashuka. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu kila nyenzo ni jinsi inavyoungua. Ndege yako iliidhinishwa Marekani chini ya CAR 3, yaani kanuni za zamani za nchi hiyo za usalama wa ndege ndogo, ambazo zinataka angalau kwamba nyenzo za ndani zisiwake kwa ghafula na kwa nguvu. Mimi ningepanda ngazi moja juu, nikadai cheti cha jaribio la sekunde 12, ambamo kipande huning'inizwa wima juu ya mwali kisha hupimwa urefu ulioungua na muda ambao moto unaendelea baada ya mwali kuondolewa. Kipande kijaribiwe pamoja na sponji na gundi yake, kwa kuwa ngozi iliyofaulu peke yake huweza kushindwa ikibandikwa juu ya sponji ya godoro, ambayo huwaka upesi na kutoa moshi wenye sumu.

Plaiwudi si nzito kama wengi wanavyodhani: mita moja ya mraba ya milimita 3 ni takriban kilo 2, sawa na plastiki ya ABS ya milimita 2. Hata hivyo naikataa, kwa sababu hunyonya unyevu, nasi tuko kando ya Ziwa Victoria, na ikivunjika katika ajali hutoa vijiti vikali.

Sehemu bapa za milango zitengenezwe kwa alumini ya nusu milimita, ambayo ni chini ya kilo moja na nusu kwa mita ya mraba. Sehemu zilizopinda zifinyangwe kwa faibaglasi yenye resini inayozuia moto, ukitumia vifuniko vya zamani vilivyogundishwa kama kalibu. Ukitaka kubaki na plastiki, ile iitwayo Kydex ni imara kuliko ABS, ingawa ni nzito zaidi kwa unene uleule.

Kazi yote ikubaliwe kwanza na mhandisi mwenye leseni, ambaye ataiandika katika kumbukumbu za ndege na kukokotoa upya uzito wa ndege na kitovu cha uzito huo.

Matundu ya skrubu kwenye plastiki yawe mapana kidogo kuliko skrubu, na usikaze mno, kwa maana plastiki hutanuka ndege inapokaa juani. Ukimaliza, zungusha usukani na kanyaga pedali hadi mwisho kila upande, huku mtu akichungulia kama kuna kifuniko kinachogusa nyaya za kuongozea ndege.