Muulize Shangazi: Pesa za baba ziko serikalini, tutazipataje?

Mwezi uliopita niligusia tu, tena mstari mmoja, habari ya pesa zilizosahauliwa benki mpaka zikapelekwa serikalini. Basi simu yangu haikupumzika, mpaka wajukuu wakaniuliza kama nimefungua duka. Nimechagua barua tatu na nusu, hiyo nusu mtaiona mwisho.

Shikamoo Shangazi. Baba alifariki 2017. Juzi mdogo wangu alikuwa anachezea simu akapiga \*361# akaweka namba ya kitambulisho cha marehemu, ikatokea kwamba kuna kitu chake. Mama anasema baba alikuwa na akaunti ya zamani na tena alinunua hisa za KenGen na Safaricom ule wakati kila mtu ananunua. Sasa kaka yetu mkubwa yuko Muscat anasema pesa ni zake kwa sababu kule benki yeye ndiye aliyeandikwa kama jamaa wa karibu, na cheti cha kifo original anacho yeye. Tuko sita na mama yuko hai. Hizo pesa bado ziko kweli ama zishaliwa? — Mtoto wa nne, Kisauni

Marahaba mwanangu. Kwanza tulia, hazijaliwa. Kuna sheria ya Kenya ya 2011 inayosema pesa ikilala muda fulani bila mwenyewe kujitokeza, aliyeishika lazima aitoe aipeleke kwa ile mamlaka ya mali za kifedha zisizodaiwa, hiyo tunayoiita UFAA. Akaunti ya benki ni miaka 5, hisa na gawio lake (ile faida wanayogawiwa wenye hisa) miaka 3, deposit ya stima au maji miaka 2, na mshahara ambao haukuchukuliwa mwaka 1 tu. UFAA si mwenye pesa, ni kama yule jirani uliyemwachia ufunguo. Wewe ukija na ushahidi anakupa.

Na hapo katikati benki inatakiwa imtafute mwenyewe kwanza kabla ya kupeleka. Mimi nilikaa kaunta ya benki miaka 19 najua huwa wanatafuta vipi: barua inatumwa kwa ile S.L.P. aliyoandika mtu alipofungua akaunti, na sanduku lenyewe alishaacha kulilipia zamani, barua inarudi, basi, mtu ametafutwa. Zile hisa ndiyo usiseme. KenGen ilikuwa 2006 kwa shilingi 11.90, Safaricom 2008 kwa shilingi 5, watu walipanga foleni mpaka barabarani wengine wamekopa, halafu vicheki vya gawio vikaanza kuja vya shilingi mia na kitu, mtu anaona hata nauli ya kwenda kukiweka benki haitoshi anakitia kwenye droo. Droo hizo ndizo zimejaza UFAA.

Sasa tuje kwa kaka. Hapa ndipo familia nyingi zinapovunjika na sababu yenyewe ni neno moja halikueleweka. Kuandikwa jamaa wa karibu benki maana yake benki ikitaka kumpigia mtu itampigia yeye. Hakumfanyi mrithi. Bima ya maisha ni kitu kingine, kule aliyetajwa na marehemu ndiye anayelipwa, na sacco nayo ina fomu yake ya mtu uliyemteua. Lakini akaunti ya benki na hisa za marehemu ni mirathi, na mirathi ina wenyewe. Kwa vile nyinyi ni Waislamu (nimeona mwisho wa barua umeandika), mnaweza kwenda mahakama ya Kadhi mkikubaliana wote, na hesabu yake mnaijua: mama thumuni kwa vile kuna watoto, kinachobaki ni chenu, wa kiume mafungu mawili wa kike moja. Kaka ana fungu lake, hakuna anayemnyima, lakini ni fungu si sufuria.

Kuhusu cheti cha kifo, msigombane naye hata dakika moja. Nakala nyingine iliyothibitishwa mnaweza kuiomba upya kwa usajili wa vizazi na vifo, na maombi yanafanyika eCitizen. Akipoa, saini yake ya kukubali anaweza kuitia mbele ya ubalozi wa Kenya hukohuko Muscat akawatumia, hana haja ya kukata tiketi.

UFAA haitaki kusikia habari ya barua ya chifu pekee yake. Inataka karatasi ya mahakama inayosema nani msimamizi wa mirathi na nani anapata nini. Wanaokwenda mahakama za kawaida, kuna tangazo kwenye Gazeti la Serikali siku 30 kusubiri kama kuna mwenye pingamizi, halafu baada ya kupewa usimamizi mnangoja kama miezi 6 ndipo mgao unathibitishwa. Ni mwendo, sikudanganyi. Na sikia hili maana ndilo linalorudisha watu nyumbani: hiyo akaunti na hizo hisa ziwe zimetajwa kwa majina kwenye karatasi ya mahakama. Watu wanaenda wanaandika shamba na nyumba tu, wanamaliza miezi yote hiyo, wakifika UFAA wanaambiwa akaunti mbona haimo humu, wanarudi kortini kuomba marekebisho. Kwa hivyo tafuteni kwanza kila kitu cha baba kilichoko, hata hicho kikaratasi kwenye droo, ndipo mwende mahakamani na orodha moja. Hisa nazo zitawataka muwe na akaunti za CDS, yaani akaunti za kuwekea hisa, maana ndiko zinakorudishwa, hiyo mtafunguliwa na stokibroka.

Mambo Shangazi. Kuna jamaa kanipigia anajua jina langu lote, ati nina 480,000 zimekaa huko serikalini na yeye ana mtu ndani, nimpe asilimia 30 zikitoka na sasa hivi nitume 3,500 za kufungua faili. Nishamtumia kitambulisho na PIN. Nitume hizo pesa ama? — Bodaboda, Kongowea

USITUME. PIN gani hiyo uliyompa kijana wangu?? Kama ni PIN ya KRA, ile ya ushuru, kidogo napumua, kama ni ya M-Pesa wacha kusoma hapa sasa hivi nenda kabadilishe, tutaendelea ukirudi.

Umerudi? Haya. UFAA haitozi kitu kudai pesa yako. Hakuna faili ya kufunguliwa, hakuna mtu ndani, na kuangalia kama una kitu ni hiyo hiyo \*361# ama tovuti yao ufaa.go.ke, unaweka namba ya kitambulisho. Angalia mwenyewe leo kabla hujala chakula cha mchana. Na mimi nakwambia wengi wanaopigiwa simu hizi wakiangalia hawana hata senti, hiyo 480,000 imetungwa kichwani, kinachotakiwa ni hiyo 3,500 yako.

Ukikuta kweli una kitu basi kazi si ngumu kama wanavyoipamba. Fomu yao unaijaza mbele ya wakili anagonga muhuri, unaweka nakala ya kitambulisho, cheti cha PIN ya KRA, kitu cha kuonyesha akaunti unayotaka ulipwe, na ushahidi kwamba ile mali ni yako, mfano kitabu cha benki cha zamani, steitimenti, cheti cha hisa, ama barua kutoka kwa huyo aliyekuwa ameshika pesa. Kama huwezi kufika ofisi zao Nairobi jaribu Huduma Centre. Kinachochelewesha watu sanasana ni majina. Kitambulisho kinasema Mohamed, benki karani aliandika Muhammad, na kwa kompyuta hao ni watu wawili. Hapo unaapa kiapo kwa wakili kwamba ni mtu mmoja. Mimi mwenyewe nikiwa kaunta nimeandika majina ya watu vibaya, Mungu anisamehe, saa sita mchana foleni imefika mlangoni unasikia Hamisi unaandika Khamis.

Hiyo asilimia 30 hata kama jamaa angekuwa wa kweli, ni ya kazi gani? Ya kugonga nyota tatu sita moja.

Shangazi habari za nyumbani. Mimi niko Minneapolis lakini kabla nilikaa Columbus, Ohio miaka minne, nilifanya kazi weahausi na nikahama haraka. Cheki yangu ya mwisho sikuipata na deposit ya apartimenti sijui iliishia wapi. Rafiki anasema Marekani pia kuna pesa kama hizo, nitafute wapi, serikali kuu? — Dada wa Minnesota

Za nyumbani njema dadangu, mvua tu. Rafiki yako hakosei isipokuwa kwa hapo pa serikali kuu. Huko kila jimbo lina ofisi yake na daftari lake, hakuna kapu moja la nchi nzima. Pesa inafuata anwani ya mwisho waliyonayo juu yako, kwa hivyo ukitafuta Minnesota peke yake hutaona kitu na cheki imekaa Ohio inakungoja. Anza na missingmoney.com, ni ya bure na majimbo mengi yamo, halafu uhakikishe kwa tovuti ya jimbo lenyewe la Ohio, na la Minnesota pia. Tafuta na hayo majimbo yote uliyopita hata kama ulikaa miezi mitatu.

Jina tena. Sisi wa Pwani tuna majina matatu manne na Mmarekani anataka mawili, kwa hivyo huenda jina la babu limefanywa ukoo, la baba limerukwa, ama yote matatu yameunganishwa likawa neno moja refu kama treni. Jaribu kila namna, geuza, kata, andika kama wanavyolitamka wao. Ukipata, watakuomba kitambulisho, Social Security namba, na kitu cha kuonyesha ulikaa ile anwani ya Columbus, kwa mfano barua ya ushuru W-2 au bili ya zamani. Namba yako iandike kwa tovuti ya jimbo yenyewe tu, isiwe kwa mtu wa inbox. Wako makampuni huko yanayoandikia watu barua kuwatafutia kwa asilimia, wengine ni halali na majimbo mengi yamewawekea kikomo cha kutoza, lakini ni kumlipa mtu akufungulie mlango usiofungwa.

Kitu kimoja kiko mbali na hayo yote: marejesho ya kodi. Hayo kweli ni ya serikali kuu, IRS, watu wa kodi wa huko, na kama kuna mwaka hukupeleka ritani na ulikuwa unadai, una miaka 3 tu kisha inapotea kabisa. Haingoji kama ile cheki. Hiyo ndiyo ya kukimbilia kwanza.

Shangazi wewe je uliangalia zako? 😂 — hakuweka jina

Hii ndiyo nusu barua. Niliangalia ndiyo, usiku, wenzangu wamelala. Ninayo. Akaunti niliyofungua nikiwa msichana nikaisahau, na nyinyi mkumbuke nilikuwa nafanya kazi benki! Tatizo iko kwa jina la baba na kitambulisho changu sasa kiko kwa jina la mzee, kwa hivyo natakiwa kuleta cheti cha ndoa. Mzee anaapa alikiweka ndani ya bahasha ya kaki. Nyumba hii ina bahasha za kaki kumi na saba, nimefungua tisa.