Mtoto wa jirani anapigwa: uanzie wapi?

Dada wa Kayole, umeuliza ufanye nini unaposikia mtoto wa ploti yenu akipigwa usiku, na mwenye nyumba anasema mambo ya watu uyaache.

Piga 116, namba ya simu ya kusaidia watoto Kenya. Ni bure, usiku na mchana, na si lazima utaje jina lako. Kinachokwamisha taarifa nyingi ni maneno ya jumla: "mtoto anateswa" haimwelekezi mtu popote. Kabla ya kupiga, andika kwenye daftari tarehe, saa, ulichosikia au kuona kwa macho yako, umri wa mtoto kwa kukadiria, ploti, mlango na alama ya karibu kama duka au kanisa. Dhana zako ziweke kando. Ukisikia maisha yake yako hatarini sasa hivi, piga polisi 999 kwanza.

Usimrekodi ukatupia video kwenye grupu la WhatsApp la ploti. Mzazi ataiona kabla ya afisa wa watoto, na sheria ya watoto ya 2022 inalinda faragha ya mtoto. Kumgongea mlango kwa hasira nako mara nyingi humalizikia mgongoni mwa mtoto.

Ukishuku amenajisiwa, saa zinahesabika: dawa za kuzuia HIV huanzishwa ndani ya saa 72. Asiogeshwe. Nguo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa kuwa unyevu huharibu ushahidi. Hospitali kwanza, kisha polisi kwa fomu ya P3, ile ambayo daktari hujaza majeraha kwa ajili ya kesi.