Maswali ya Wasomaji: Ni Chuo Gani Kilichotoa Makocha Bora wa Futiboli ya Kimarekani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mdogo wangu anasoma katika jimbo la Ohio, Marekani, na tangu afike huko amekuwa shabiki mkubwa wa futiboli ya vyuo vikuu, ile ya mpira wenye umbo la yai unaobebwa mikononi. Anadai kwamba chuo kinachoitwa Miami ndicho kilichotoa makocha wakubwa kuliko vyuo vyote, na anawataja Woody Hayes na Ara Parseghian. Mwenzake wa chumbani, mzaliwa wa Alabama, anasema hakuna chuo cha kulinganishwa na Alabama kwa sababu ya Bear Bryant na Nick Saban. Wamenitwika mimi uamuzi, nami mambo haya siyajui, kwa hiyo nayaleta kwako. Nani yuko sahihi? — Msomaji wa Uyole, Mbeya.

JIBU: Ndugu yangu wa Uyole, ubishi wao ni mzuri, ila wote wawili wamechanganya chuo alichosoma kocha na chuo alichokinoa, na matokeo yake kila mmoja amejibebea jina lisilo lake. Woody Hayes alihitimu katika chuo cha Denison; Miami aliifundisha kwa misimu miwili tu, 1949 na 1950, kisha akahamia Ohio State na kubaki huko hadi 1978. Nick Saban naye ameipa Alabama ubingwa wa taifa mara sita kati ya msimu wa 2009 na ule wa 2020, lakini shahada yake aliipata Kent State, chuo ambacho nacho kipo Ohio. Ikiwa tunabishania wahitimu, majina hayo mawili yaondolewe kwanza, hata kama yatawauma wenyewe.

Nikumbushe pia kwamba Miami inayozungumzwa hapa haihusiani na jiji la Miami lililoko Florida. Ni chuo kilichoanzishwa mwaka 1809 katika mji mdogo wa Oxford, Ohio, na jiji la Florida lilikuja kutambuliwa rasmi mwaka 1896. Florida nako kuna Chuo Kikuu cha Miami chenye timu yenye sifa kubwa, jambo ambalo huwachanganya hata Wamarekani wenyewe.

Kwa wasomaji wasiofuatilia michezo hiyo, inafaa waelewe kwamba mechi za vyuo kule si za kujifurahisha mwisho wa wiki. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan huchukua watazamaji zaidi ya 100,000, idadi ambayo ingeujaza Uwanja wetu wa Sokoine mara kadhaa, na katika majimbo mengi kocha wa timu ya chuo ndiye mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote, akiwamo gavana. Ndiyo maana kocha alisoma wapi ni jambo ambalo watu wazima hubishania kwa dhati.

Nianze na Alabama, kwa sababu ndiyo yenye jina zito zaidi. Bear Bryant aliichezea Alabama katikati ya miaka ya 1930, na mwaka 1935 aliingia uwanjani dhidi ya Tennessee akiwa amevunjika mfupa wa mguu. Baadaye alizifundisha Maryland, Kentucky na Texas A&M kabla ya kurudi nyumbani mwaka 1958, na alipostaafu mwishoni mwa msimu wa 1982 alikuwa na ushindi wa mechi 323 na ubingwa wa taifa mara sita. Mhitimu mwingine wa Alabama, Danny Ford, aliipa Clemson ubingwa wa 1981. Dabo Swinney, ambaye aliingia katika timu ya Alabama bila ufadhili wa masomo na alikuwamo katika kikosi kilichotwaa ubingwa wa 1992, akaipa Clemson hiyo hiyo ubingwa wa misimu ya 2016 na 2018. Maana yake ni kwamba Clemson, iliyoko jimbo la South Carolina, haijawahi kuwa bingwa wa taifa isipokuwa chini ya mhitimu wa Alabama. Hoja hii ni nzito kuliko ile ya Saban, na nashangaa kijana wa Alabama hakuitumia.

Upande wa Miami orodha ni ndefu zaidi na imetawanyika zaidi. Earl Blaik, aliyejulikana kwa jina la Red, aliifikisha timu ya chuo cha jeshi cha West Point kwenye ubingwa wa 1944 na 1945. Paul Brown alitwaa ubingwa wa 1942 akiwa Ohio State, kabla ya kwenda kuanzisha klabu ya kulipwa ya Cleveland iliyobeba jina lake. Paul Dietzel aliipa Louisiana State ubingwa wa 1958. Ara Parseghian aliipa Notre Dame ubingwa wa 1966 na 1973. Bo Schembechler hakuwahi kutwaa ubingwa wa taifa, lakini alishinda mechi 194 akiwa Michigan kati ya 1969 na 1989, na katika msimu wake wa kwanza huko aliifunga Ohio State ya Woody Hayes, mwalimu wake wa zamani, kwa 24-12, wakati Ohio State ilikuwa imeshinda mechi 22 mfululizo. Carm Cozza aliinoa Yale tangu 1965 hadi 1996. Wote hawa ni wahitimu wa Miami.

Kuhusu Blaik kuna pingamizi ambalo kijana wa Alabama anaweza kulileta, na ni la haki: baada ya kumaliza Miami mwaka 1918 alikwenda West Point na kuhitimu tena mwaka 1920, hivyo vyuo viwili vinamdai. Mimi namhesabu kwa vyote viwili. Anayetaka kumwondoa na amwondoe, Miami bado itabaki na mabingwa watatu.

Ukihesabu vikombe peke yake, Alabama ina tisa kwa wahitimu wake watatu, na Miami ina sita kwa wahitimu wanne. Ningeweza kusema mjadala umekwisha, lakini vikombe vya zama zile ni kipimo chenye walakini, kwa kuwa bingwa hakupatikana kwa fainali. Alipatikana kwa kura, na kura zilikuwa za aina mbili: za waandishi wa habari na za makocha. Mfano mzuri unawagusa hao hao wawili tunaowabishania. Tarehe 31 Desemba 1973, mjini New Orleans, Notre Dame ya Parseghian ilikutana na Alabama ya Bryant, zote zikiwa hazijapoteza mechi msimu mzima. Alabama ilipochukua uongozi wa 23-21, mkwaju wake wa nyongeza, ambao kwa kawaida hupigwa kama kutimiza wajibu tu, ukakosa. Bob Thomas wa Notre Dame akapiga mkwaju wa alama tatu na matokeo yakawa 24-23. Kisha, katika dakika za mwisho, Notre Dame ikabanwa karibu kabisa na mstari wa lango lake yenyewe, mahali ambapo kocha mwoga angeagiza mpira ukumbatiwe na kusogezwa hatua moja moja. Parseghian aliagiza urushwe mbali; Tom Clements akamrushia Robin Weber, mchezaji ambaye Alabama haikuwa na habari naye, na mechi ikaishia mikononi mwa Notre Dame.

Sasa angalia kilichofuata. Kura ya makocha iliyoratibiwa na shirika la habari la UPI ilikuwa imekwisha kufungwa kabla ya mechi hiyo, nayo ilikuwa imeitangaza Alabama kuwa bingwa. Waandishi walipiga kura yao baadaye, wakaichagua Notre Dame. Kwa hiyo 1973 imo katika sita za Bryant na imo pia katika mbili za Parseghian, ingawa mmoja alimfunga mwenzake uwanjani. Kuanzia msimu uliofuata UPI ilisogeza kura yake hadi baada ya mechi za mwisho, jambo lililostahili kufanywa mapema.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Vikombe sita kati ya tisa vya Alabama ni vya mtu mmoja, tena alivitwaa nyumbani kwao, kwenye chuo chenye fedha, mashabiki na wachezaji wa kuchagua. Vikombe vya Miami vilitwaliwa na watu wanne katika vyuo vinne tofauti, na hakuna hata kimoja kilichopatikana Miami kwenyewe. Swali likiwa ni chuo gani kilichotoa makocha, naona chuo kinachowatawanya wahitimu wake wakafanikiwa ugenini kinastahili nafasi ya kwanza. Mdogo wako ameshinda, ila kwa hoja ambayo hakuitoa. Na kama swali lingekuwa ni mhitimu mmoja bora kuliko wote, wote wawili wangeshindwa: Saban ana ubingwa saba, sita wa Alabama na mmoja wa Louisiana State wa 2003, na wote unarudi Kent State, chuo alichohitimu pia Lou Holtz aliyeipa Notre Dame ubingwa wa 1988.

SWALI: Kwa nini vyuo vidogo visivyo na majina vitoe makocha wakubwa, wakati vyuo vikubwa ndivyo vyenye wachezaji bora? — Mwanachuo, Iringa.

JIBU: Sababu moja ni hiyo hiyo ya wachezaji bora. Nyota wa chuo kikubwa huenda kwenye ligi ya kulipwa, na yule wa chuo kidogo, akijua miguu yake haitamlisha, huanza mapema kujifunza kufundisha. Waliosoma sekondari zetu za Nyanda za Juu Kusini wanamfahamu mtu wa namna hiyo: mwalimu aliyeandaa timu ya UMISSETA kwa filimbi moja na mipira miwili, na ambaye ilimlazimu kufikiri kwa sababu hakuwa na kingine cha kutegemea.

Sababu ya pili inaonekana vizuri Miami, na mimi naiona kuwa ndiyo kubwa. Tangu 1951 hadi 1973 kazi ya kocha mkuu pale ilishikwa na wahitimu wa chuo hicho hicho wanne mfululizo: Parseghian, John Pont, Schembechler na Bill Mallory. Kila mmoja alipoitwa na chuo kikubwa aliondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na mwenzake aliyelelewa katika mazoezi yale yale. Chuo kikubwa humng'ang'ania kocha hodari kwa miaka ishirini na zaidi. Chuo kidogo hakina fedha za kumzuia, kwa hiyo kila baada ya miaka michache kiti huwa wazi kwa kijana mwingine kujifunzia.

Wapo pia waliosoma vyuo vidogo kwa sababu vingine vilifungwa kwao. Eddie Robinson, Mmarekani mweusi wa Louisiana, alisoma chuo cha Leland katika zama ambazo vyuo vya Wazungu vya kusini havikuwapokea Weusi. Aliajiriwa Grambling mwaka 1941, akakaa hapo hadi 1997 na kushinda mechi 408. John Gagliardi, mhitimu wa Colorado College, alianza kuifundisha timu ya shule yake ya sekondari akiwa na umri wa miaka 16 kwa sababu kocha wao alichukuliwa jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili; alipostaafu mwaka 2012 alikuwa na ushindi wa mechi 489. Rekodi za wawili hawa zilipatikana katika madaraja ya chini ya mashindano ya vyuo, na sizilinganishi moja kwa moja na za Bryant, lakini mjadala wa makocha unaowaruka ni mjadala nusu.

SWALI: Je, Harbaugh aliyewahi kuwa bingwa si mhitimu wa Miami? Na Sean McVay? — Msomaji wa Njombe.

JIBU: Sean McVay na John Harbaugh ni wahitimu wa Miami kweli, lakini ubingwa wao ni wa ligi ya kulipwa: Harbaugh na Baltimore Ravens mwezi Februari 2013, McVay na Los Angeles Rams mwezi Februari 2022. Katika ubishi wa futiboli ya vyuo hawaingii. Harbaugh aliyetwaa ubingwa wa vyuo msimu wa 2023 ni Jim, mdogo wake John, na huyo alihitimu Michigan, chuo hicho hicho alichokipa ubingwa. Ni kweli kwamba alipokuwa mchezaji pale kocha wake alikuwa Schembechler wa Miami, lakini kunolewa na mhitimu wa Miami hakumfanyi mtu kuwa mhitimu wa Miami, kwa hiyo kikombe hicho ni cha Michigan.