Yule hausiboi alikuwa anataka nini hasa?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Juzi nimecheki The Servant, ile muvi ya Uingereza ya 1963, na imeniacha njia panda. Barrett, yule hausiboi, alikuwa anamtamani bosi wake Tony au alikuwa anaitaka nyumba tu? Maana hawashikani wala nini ila mtu unahisi kabisa pale kuna kitu. Halafu Susan, mchumba wa Tony, anambusu Barrett mwishoni kwa nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Njema ndugu yangu. Hicho kitu umekihisi kweli na kimewekwa makusudi. Enzi hizo Uingereza mwanaume kulala na mwanaume ilikuwa jela, sheria ilikuja kulegezwa 1967, kwa hiyo Harold Pinter aliyeandika na Joseph Losey aliyeongoza wasingeweza kuliweka wazi, wakalipitisha kwenye macho, kwenye ngazi, kwenye maneno ya kukatishwa katishwa.

Barrett haingii kwa ubaya, anaingia kwa huduma. Anapika, anapanga nyumba, mezani anahudumia na glavu nyeupe (Susan anazicheka hizo glavu, na ndiye pekee aliyemshtukia mapema), mpaka Tony hawezi kufanya lolote bila yeye. Ndo mtego wenyewe huo, mtu akishazoea kufanyiwa kila kitu utamwambia nini tena. Kisha Barrett anamleta Vera, eti dada yake, kumbe demu wake. Ile sini ya jikoni irudie: bomba linadondosha tone tone, Vera analalamika joto, hakuna aliyevua nguo lakini Tony kashakwisha. Mi naona pale anayemtongoza Tony ni Barrett, Vera katumwa tu.

Barrett na Vera wakishafumaniwa wanatimuliwa, ila Barrett anamvizia Tony baa, anajililia shida, anarudishwa. Kuanzia hapo wanaishi kama mke na mume waliochokana, Barrett anafoka nyumba chafu, Tony ananuna. Halafu ule mchezo wa mpira kwenye ngazi, Barrett kasimama chini analalamika kwamba anaonewa, anacheza kwa kupandisha, na huku nyumba yote ishakuwa yake!

Kwa hiyo kumtamani au kumtawala? Kwa Barrett hivyo haviachani, raha yake ni kuona Tony hawezi kutoka, na Dirk Bogarde, mwigizaji wa Barrett, anacheza hilo kwa kutabasamu nusu tu, na BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, alipewa. Wanaosema ni muvi ya matabaka tu, tajiri na mtumishi, mi siwaelewi, wameruka nusu ya stori.

Susan sasa. Wengi wanaona kipande kile kimelazimishwa, mi hapana. Kaja kumchukua mchumba wake kamkuta zezeta, anambusu Barrett mbele yake kama kumchokoza aamke, na nadhani pia anataka kuonja hiyo nguvu iliyomshinda. Tony haamki kitu. Mlangoni Susan anamnasa Barrett kibao, anaondoka zake, jamaa anafunga mlango.