Maswali yenu: magari ya spoti ya Kiingereza ya zamani, MG, Jaguar na Lotus, watu wanayapendea nini?

Subaru ya dada yangu inaiacha MGB, lile gari dogo la spoti la kampuni ya MG, mbali sana. Sasa hiyo MGB inapendewa nini?

Itaiacha kweli, tena bila jasho. MGB injini yake ni cc 1798 na hosipawa kama 95 tu, leo hata gari la kwenda nalo sokoni linaikimbiza. Ila kaa ndani kwanza uone, umekaa chini karibu ushike lami, paa umelikunja, pawa stelingi hakuna, gia inakutetemekea mkononi, joto la injini liko miguuni, basi ukifika spidi 80 tu roho inakudunda kama uko 150. Magari ya siku hizi mpaka uyasikie hivyo trafiki ashakudaka. Ndo maana walitengeneza zaidi ya laki 5 pale Abingdon, 1962 mpaka 1980, nyingi zikaenda Marekani, kwa hiyo ukiagiza angalia usukani uko upande gani.

Jaguar E-Type si boneti refu tu jamani?

Hapana bwana. Ilipoonyeshwa kwenye maonyesho ya magari ya Geneva 1961, Jaguar walitangaza inagonga maili 150 kwa saa, yaani kama kilometa 240, breki za diski matairi yote manne, na bei yake ilikuwa chini sana ya Ferrari. Umbo lake alilichora Malcolm Sayer, jamaa aliyetokea kwenye kiwanda cha ndege, alikuwa anapiga hesabu za upepo. Nzuri mno, ila kwa anayeanza mi siishauri, spea zake zitakufilisi.

Ni kweli yanavuja oili na umeme wake majanga?

Oili, ndio, weka kadibodi chini uendelee na maisha. Umeme wa Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vyake vya umeme, wenyewe Waingereza wanautania eti Mfalme wa Giza, lakini mara nyingi shida ni waya wa arthi ulioshika kutu, piga msasa, kaza, taa zinawaka. Raha ipo kwenye kabureta za SU, zile za kuchanganya petroli na hewa, kwenye MGB ziko mbili na lazima zivute hewa sawa, unachukua kipande cha mpaipu, ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta, unasikiliza mvumo wa hii halafu wa ile, unageuza skrubu kidogo kidogo mpaka zivume sawa. Kompyuta ya nini hapo?

Nimeona MGB inauzwa, niangalie nini?

Kutu, kutu, halafu kutu. Injini achana nayo kwanza, hiyo fundi yeyote mwenye akili ataifungua. Gari hili halina chesisi ya peke yake, bodi ndo inabeba kila kitu, na pale chini ya milango ndo panapooza, halafu watu wanaziba na pati na rangi. Omba wainyanyue kwa jeki katikati, ubavuni, kisha fungua mlango. Ukigoma au uwazi wake umebadilika, ondoka, hata kama rangi inang'aa vipi. Bodi mpya kabisa zinatengenezwa mpaka leo Uingereza, ila bei yake we acha tu.

Bampa za kromu au za mpira?

Kromu. Zile nyeusi za mpira zilikuja mwishoni mwa 1974 kwa ajili ya sheria za Marekani, na gari wakalinyanyua juu, kwenye kona likawa linalala. Ila ni bei rahisi, na kulishusha inawezekana.

Kwani Mazda MX-5 si ndo haya haya?

Wajapani waliitoa 1989 na Lotus Elan, gari dogo la spoti la Kiingereza la miaka ya 60, waliisoma vizuri sana. Haivuji na inawaka asubuhi. Kama spana huzipendi chukua hiyo.