Mumeo hakuonei, mwanangu

*Shangazi, mimi ni nesi wodi ya majeraha ya moto hapa Mombasa. Nina miezi miwili natumia kabimazole ya tezi ya shingo, na neutrofili, zile chembe nyeupe za damu za kupigana na vijidudu, zimeshuka kutoka 2,900 hadi 800. Wenzangu wasema kwa Mwafrika hiyo ni kawaida. Mume ang'ang'ania nihame wodi. Naona ni wivu tu. Mavyaa naye kanitengea kikombe na kuzuia wageni wenye mafua. Juzi niliingia zamu ya usiku koo laniwasha, nikameza paracetamol mbili. Niishi vipi na watu hawa? – Nesi, Kisauni*

Pole, mwanangu. Ila mume na mavyaa umewajaza barua nzima, na lenye kuua ukalitia mwishoni: koo.

Kabimazole yaweza kuangusha neutrofili, zaidi miezi mitatu ya mwanzo. Anayeitumia akiumwa koo, akitoka vidonda mdomoni au akipata homa, huisimamisha na kupimwa damu siku hiyo hiyo. Wewe wayajua haya, kisha wameza paracetamol! Dawa hiyo hushusha joto, na kwa mwenye neutrofili chache joto huenda likawa dalili pekee, maana hata usaha hautungi vizuri. Mficha maradhi kilio humfichua.

Kweli, wako Waafrika wazima wasiofika 1,500 maisha yao yote. Wewe ulikuwa na 2,900. Usijifiche nyuma yao.

Wivu umeutunga mwenyewe. Mumeo hakusema uache kazi, amesema uhame wodi, na ana haki. Ndoa za siku hizi zina shida hii: mke mwenye mshahara akiambiwa pumzika, husikia anatawaliwa, mume naye hajui kuomba bila kuamrisha. Mavyaa je? Anayezuia mafua mlangoni amekulinda, hakukutenga. Mshukuru.

Leo hii simamisha kabimazole uende kitengo cha dharura, uitaje dawa kwa jina. Joto likifika 38, antibaiotiki ya mshipa ianzwe kabla saa moja haijapita. Daktari wa tezi ajulishwe akupe njia nyingine, kwani tezi ikiachwa hivi hivi moyo utakwenda mbio. Usiirudie kabimazole kwa kujiamulia.

Kisha metroni aambiwe kwa barua ya daktari: usifunge vidonda vyenye usaha mpaka hesabu ipande, kwani neutrofili ndizo zinazopigana na bakteria na ukungu, na wodi yako imejaa vyote viwili. Kachumbari na juisi za barabarani ziache kwa sasa.

Mumeo akupeleke. Ya wodi mtayazungumza mkishapata majibu ya damu.